Kitabu Chembamba cha Rafu ya Pili

Zaituni, na wewe Shafii unayependa kukalia katoni za watu, siku mliyoniaga mlinipa doti ya kanga na sahani sita, mkasema, "Bibi Mwanahawa, tuachie na ujuzi kidogo." Sahani tunazilia wali. Ujuzi nimekaa nao miezi miwili najiuliza uko wapi, maana mtu aliyeuza vitabu umri wake wote na darasa la tatu mkononi, ujuzi wake hauna pa kuushikia. Basi nimeona niwaandikie mambo kama yalivyokuja. Vyeo sitavieleza, na mshahara ni baina yangu na marehemu Mzee Gulamabbas. Nitaeleza habari za vitabu vile ambavyo watu huja kuviulizia kila wiki: "Bibi, nipe kitabu cha kunifundisha kuandika vizuri." Nyinyi mnaviona vyepesi. Mnapeleka mkono rafuni, mnampa mtu, anakwenda. Mimi mkono wangu ulikosea mara moja, na mnaonijua mnajua kuwa jina la mtu halinitoki kichwani. Kosa hilo nalo halijatoka.

Nilianza kazi mwaka aliofariki mume wangu, Sefu Makame, kabla ya vita vya Kagera. Watoto walikuwa wanne na wa mwisho bado ananyonya. Jirani yetu pale Ngamiani, Bi Chausiku, akaniambia duka la vitabu la Mhindi linataka mtu wa kufagia. Nikaenda. Mzee Gulamabbas alikuwa nyuma ya kaunta anatafuna tambuu. Nasema Mhindi, lakini babake alizaliwa Tanga na babu yake amezikwa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu mimi wa Pongwe.

"Kusoma wajua?"

"Najua kidogo, Mzee."

"Kidogo yatosha. Vumbi halisomwi."

Akanipa ufagio wa manyoya ya kuku, kazi ikaanza. Siku hiyo ya kwanza niliangusha rafu nzima ya vitabu vya hesabu, nikavirudisha vichwa chini miguu juu. Vilikaa hivyo mpaka jioni, alipokuja Mzee Mbaruku, akavigeuza kimoja kimoja taratibu, huku akinitazama kama mtu anayemvalisha mtoto shati.

Huyo Mzee Mbaruku bin Ali ndiye aliyenifundisha kazi. Mtu wa Moa, karani wa duka tangu enzi ya Mwingereza. Alivaa saa isiyotembea. Ukimwuliza saa ngapi, huitazama saa, kisha hulitazama jua, kisha hukujibu. Alinifundisha kukausha majani ya mwarobaini na kuyapanga nyuma ya vitabu ili wadudu wasile karatasi, maana hewa yetu ya pwani, mkiiachia, hula kitabu kwa ukungu kabla msomaji hajakionja. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa muhogo, isiwe nzito kama ugali wala nyepesi kama uji wa mgonjwa. Akanifundisha kukata kamba kwa meno mkasi ukipotea, na mkasi ulipotea kila siku.

Na alinifundisha neno moja, ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu leo. Siku moja alikuja fundi cherehani, Hamadi Kijakazi, anataka kitabu cha kuandika vizuri. Mimi nikakimbilia rafuni. Mzee Mbaruku akanizuia kwa kidole.

"Unamwandikia nani, Fundi?"

Fundi akacheka kwa haya. "Kwani lazima niseme?"

"Ukinunua suruali hupimwi?"

"Namwandikia baba wa mchumba. Posa."

"Ahaa. Basi huhitaji kitabu cha barua za ofisini. Keti hapa, soma ukurasa huu kwa sauti."

Akamfungulia kitabu katikati. Mzee Mbaruku hakufungua mwanzo hata siku moja. Alisema mwanzo wa kitabu ni baraza ya nyumba, kila mtu hufagia baraza. Ingia jikoni uone. Fundi akasoma. Mzee Mbaruku hakusikiliza maneno, alimtazama uso. Mtu akisoma huku anainamia kitabu, kinamfaa. Akisoma huku macho yanakwenda barabarani, kirudishe rafuni, mpe kingine. Fundi akaenda na kingine, na mchumba alimpata. Alikuwa Tatu binti Jumbe. Wana watoto saba.

"Mwanahawa," akaniambia tulipobaki wawili, "mtu haandiki vizuri hivi hivi hewani. Humwandikia mtu. Usimpe kitabu kabla hujamjua huyo mtu."

Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Sasa niwaambie siri yangu, maana bila hiyo hamtaelewa. Mimi nilikuwa nasoma kwa kidole. Neno refu nililikata vipande kama muwa. Pale dukani palikuwa na vitabu viwili vya Kiswahili vya kufundisha kuandika barua na habari. Kimoja kilikuwa kinene, jalada la kijani, tulikiita Kijani tu. Ndani yake mlikuwa na barua za mifano za kila namna, za maombi ya kazi, za malalamiko, za rambirambi, za kumtaarifu afisa. Nilijaribu ukurasa wa kwanza wiki nzima nisiuvuke. Nikakiheshimu sana.

Kingine kilikuwa chembamba, jalada rangi ya udongo, kimekaa rafu ya pili. Hicho nilikisoma nikipanguza vumbi, nimewapa watu mgongo, ukurasa leo, ukurasa kesho, mpaka nikakimaliza. Kilikuwa kitabu cha kwanza kukimaliza duniani. Kilisema mambo madogo. Kabla hujaandika, sema kwa mdomo. Mweke yule unayemwandikia mkekani mbele yako, umwambie. Kisha andika ulivyomwambia. Kisha futa anachokijua tayari. Basi. Na kilikuwa na mifano ya watu wanaotajana majina, wanaosimulia ng'ombe aliyepotea na bati lililovuja.

Mngedhani nilikipenda. Nilikipenda, kisha nikakidharau. Nilijiambia: kama mimi Mwanahawa wa darasa la tatu nimekielewa mwanzo hadi mwisho, hicho si kitabu, ni mazungumzo. Kitabu cha maana ni kile kinachokushinda. Mtu akija kuuliza, nikaona aibu kumpa cha udongo, asije akasema duka la Gulamabbas linauza vitabu vya wajinga, na aliyemuuzia ni mjinga mwenyewe. Nikawa nampa Kijani. Mzee Mbaruku aliniona mara mbili tatu, akatikisa kichwa, akamwuliza mteja maswali yake. Lakini Mzee Mbaruku alikuwa anazeeka, na miaka ile mibaya ilipoingia alishikwa na miguu, akarudi kwao Moa. Kaunta nikaachiwa mimi.

Miaka ile nyinyi mlikuwa bado au mlikuwa mnabebwa. Sabuni foleni, sukari foleni, unga wa njano foleni. Watu walifulia majani ya mpapai. Na daftari lilikuwa adimu kama sukari. Mgao wetu wa madaftari na kalamu ulikuja umefungamanishwa na makatoni ya Kijani: ukitaka daftari, uchukue na Kijani, upende usipende. Mzee Gulamabbas naye, kila aliposikia msako umefika mtaa wa pili, alitetemeka wasije wakamkuta na mali ndani wakamwita mlanguzi. Akaniambia, "Mwanahawa, Kijani kitoke. Atakayetaka daftari achukue na Kijani. Visilale dukani." Ndivyo maduka yote yalivyofanya siku zile, mwingine hakukuuzia sabuni mpaka uchukue na nyembe.

Basi Kijani kikaingia kila nyumba ya Tanga. Kuna waliofunikia mitungi. Na kuna waliokitumia. Mkuu wa shamba moja la mkonge alipata kusimulia dukani, machozi yakimtoka kwa kucheka, kwamba alitangaza kazi ya ulinzi akaletewa barua gunia zima, na zote barua moja. Hata mzee mmoja wa Maramba, Mzee Shekiondo, alinakili mfano mzima neno kwa neno, akaandika kwamba ana umri wa miaka ishirini na miwili na anapenda kuogelea. Mzee Shekiondo hakuwa na jino mdomoni. Nilicheka na mimi. Sikujua kicheko kile kitanirudi.

Bi Mwantumu binti Heri alikuja asubuhi ya madaftari, foleni imetoka nje imepinda kona. Alitoka Tongoni, mtu mzima, kitambaa kimefungwa juu ya jicho la kushoto. Alipofika kaunta akanisalimu vizuri, kama hakuna mtu nyuma yake.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo."

"Marahaba. Nataka daftari na kalamu. Na kama kuna kitabu cha kufundisha mtu kuandika barua nzuri, nacho. Nimesoma elimu ya watu wazima, cheti ninacho. Kuandika naandika, ila naandika kama ninavyosema, naona haya. Sasa kuna mwanangu..."

Nyuma yake mwanamke mmoja akapiga kelele, namjua, Zuhura wa Barabara ya Kumi: "Bibi wee, kama barua yenyewe ndefu hivyo, tusomee sote!"

Watu wakacheka. Bi Mwantumu naye akacheka, akageuka akamwambia, "Ngoja, mwali, nawe utazaa." Kisha akanigeukia amalizie habari yake. Mimi nikamkata. "Hiki, Bi mkubwa." Nikampa Kijani, nikafunga kamba. "Hiki kina kila kitu."

Sikumwuliza anamwandikia nani. Alikuwa ameshaanza kuniambia, na nikamfunga mdomo kwa kamba ya katani.

Habari aliyotaka kunipa nilikuja kuipata baadaye, naiweka hapa ili muifuate vizuri. Mwanawe alikuwa Rajabu, alikwenda Mombasa kufanya kazi kwenye tanuri la mikate kabla mpaka wa Kenya haujafungwa, na mpaka ulipofungwa akabaki huko. Baba yake mdogo, mtu mmoja Athumani, alikuwa amemwandikisha karani barua kwa jina la Bi Mwantumu: mama mgonjwa, leta hiki leta kile. Rajabu akaleta, mama hakuona hata harufu. Mara ya pili Rajabu akastuka. Akapeleka salamu kwa mtu: barua yoyote itakayokuja kwa jina la mama sitaiamini, mpaka nijue ni yeye. Ndipo Bi Mwantumu, na umri ule, akaenda darasa la watu wazima. Akaandika barua mbili kwa mkono wake, na Rajabu akazijibu zote mbili. Na haraka yake ilikuwa hii: jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa, daktari wa hospitali ya Bombo amemwambia ni presha ya macho, na la kulia linafuata, likiziba halizibuki. Alitaka mwanawe avuke, hata kwa njia za panya, amwone kabla halijaziba.

Aliona haya kwa barua zake mbili zile. Alitaka ya tatu, ya kumwita, iwe nzuri.

Alirudi kama miezi minne baadaye. Siku hiyo hapakuwa na foleni, maana hapakuwa na kitu. Akaketi kwenye kigoda cha Mzee Mbaruku, akanieleza hayo yote niliyowaeleza, mpaka habari ya jicho. Kisha akatoa karatasi.

"Nimemwandikia mara tatu, hajibu. Hii ndiyo ya mwisho, nimeandika nakala. Nitazamie, mwanangu, we ndiye mtu wa vitabu. Labda nimekosea mahali."

Nikasoma kwa kidole, nimeinamisha kichwa asinione midomo ikicheza. Naikumbuka yote. *Ndugu Rajabu. Yahusu: Kufika nyumbani. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nachukua fursa hii kukutaarifu kuwa hali ya nyumbani ni nzuri isipokuwa kuna suala la kiafya linalohitaji uwepo wako. Ni matumaini yangu kuwa ombi hili litafikiriwa. Wako mtiifu, Mwantumu Heri.* Na mwandiko, Zaituni, ulikuwa mzuri! Kijani kilikuwa na sura nzima ya mwandiko wa kuunga, na alikuwa ameifuata, na jicho lake moja lile, herufi zimeshikana mikono kama watoto wa shule.

Pale ndipo niliposimama njia panda. Nilikuwa nimeshaambiwa anayeandikiwa ni nani. Nilijua anachotaka ni mwanawe amtambue. Na moyo wangu ulisikia kitu, nasema kweli, ulisikia, kama unavyosikia mchuzi umekosa chumvi kabla hujauonja. Mama gani humwita mwanawe Ndugu? Mama gani huwa mtiifu kwa mwanawe? Lakini mbele yangu palikuwa na maneno ambayo mimi mwenyewe nisingeweza kuyaandika. Nikayaogopa. Nikasema:

"Bi Mwantumu, umeandika kama mkuu wa wilaya."

Akafurahi. "Kweli?"

"Wallahi. Ila umesahau namba ya kumbukumbu. Kijani kinasema iwe juu, upande wa kushoto."

"Ee! Ndiyo maana!" Akajipiga paja. "Nitaweka namba ngapi?"

"Weka yoyote. Weka moja."

Akaenda nyumbani akaandika upya, akaweka namba moja.

Kitabu cha rangi ya udongo kilikuwa nyuma yangu muda wote huo.

Miaka ikapita. Mpaka ukafunguliwa. Kisha ikaja ruksa: sabuni za rangi rangi, mitumba, redio kubwa, na sisi dukani tukaanza kupata madaftari bila kulazimishwa kitu. Makatoni ya Kijani yaliyobaki Mzee Gulamabbas aliwapa wauza karanga wafungie. Asubuhi moja akaingia mwanamume wa makamo, mwenye mikono ya kuungua ungua kama ya watu wa tanuri, na mkono wake umeshikwa kiwiko na mwanamke mwenye miwani myeusi. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamwona uso.

"Shikamoo, mama," akasema yule mwanamume.

"Marahaba. Karibuni. Bi Mwantumu, shikamoo."

"Marahaba. Ni Mwanahawa huyo? Sauti imenenepa. Huyu ndiye Rajabu. Nimemleta aone nilikonunua kitabu changu."

Rajabu hakuja kwa ugomvi. Hilo ndilo lililonimaliza. Akatoa mfukoni barua, akazipanga juu ya kaunta mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa na barua nne, safi, hazikukunjuliwa mara nyingi. La pili lilikuwa na mbili, karatasi imelainika kama kitambaa. Akachukua moja ya zile laini, akaisoma kwa sauti, na aliisoma bila kuitazama sana:

*Rajabu we. Mbuzi wako mweupe kazaa pacha mmoja kafa mmoja namnywesha uji. Mlango wa nyuma bado unalia ulivyouacha Athumani kasema ataupaka mafuta namwambia uache ulie mwenyewe atarudi. Napika sufuria ndogo. Sijazoea bado nasonga mwingi nampa kuku. Mama yako.*

Mzee Gulamabbas aliacha kutafuna.

"Hizi mbili nilijua ni yeye," Rajabu akasema. "Hata harufu ya jiko niliisikia. Kisha ikaja hii." Akachukua ya fungu la kwanza, akasoma: Ndugu Rajabu, yahusu, husika na kichwa cha habari. Alipofika *wako mtiifu*, Bi Mwantumu akaangua kicheko.

"Mtiifu? Mimi niliandika mtiifu? Kwako wewe niliyekuchapa mpaka na mwiko?"

Wakacheka wateja wote waliokuwapo, na Rajabu akacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

"Nilijua Ba Mdogo kaajiri karani mwingine," akasema Rajabu, "na safari hii karani msomi. Mwandiko si ule, maneno si yale. Nikasema huyu si mama. Na ya mwisho ilipokuja na namba ya kumbukumbu, nikaapa. Nikasema sasa wamefungua ofisi kabisa. Sikujibu. Nimekuja baada ya mpaka kufunguliwa, namkuta..."

Bi Mwantumu akampapasa mkono mpaka akaupata uso wake.

"Usimsumbue Bibi wa watu. Kitabu nilinunua kwa mkono wangu. Ndicho kilichokuwapo." Kisha akageuza uso pale aliposikia sauti yangu mara ya mwisho, akakosea kidogo, akawa anaongea na rafu. "Mwanahawa, mwanangu, we unamwona. Wananiambia ana mvi. Huyu hataki kusema kweli, asema mbili tatu. Niambie we. Ziko wapi?"

Nimeuza vitabu vya kuandika kwa wanafunzi, makarani, wachumba na wagombea. Sijapata kuombwa maneno mazito kama hayo. Nikamtazama Rajabu, naye akainamisha kichwa ili nimwone vizuri.

"Ziko juu ya masikio," nikasema. "Kulia nyingi kuliko kushoto. Mbele hana. Utosini kuna upara unaanza, kama sahani ya kikombe. Kidevuni ana kovu jipya, dogo, la kuungua. Macho ni yako."

Alisikiliza ameinama mbele, kama Mzee Mbaruku alivyosema mtu huinamia kinachomfaa. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa nimemwona."

Nikawaagizia chai, wakanywa, wakaenda.

Tangu siku ile, kila aliyekuja kuulizia kitabu cha kumfundisha kuandika, nilimwuliza anamwandikia nani, hata kama foleni imefika bandarini. Nilimfungulia katikati, nikamtazama uso. Nilimwomba anisomee kwanza alichokwisha kuandika mwenyewe, na wengi niliwarudisha nyumbani na kalamu tu. Bwana Murtaza aliporithi duka kwa babake alikuwa akilalamika, "Bibi Mwanahawa, wewe unauza au unazuia?" Nilimwambia yote mawili. Sasa vinakuja vitabu vya kila rangi, vya Nairobi, vya Uingereza, vinavyong'aa, kimoja kinaahidi siku saba, kingine siku tatu. Sisemi ni vibaya. Vipo vizuri, na barua ya ofisini ina kitabu chake, msiwanyime watu. Ila msipime kitabu kwa unene, wala kwa kuwashinda. Kikikuelewesha wewe muuzaji, usikionee haya.

Kile cha rangi ya udongo hakikuletwa tena. Hicho kimoja nilikinunua mimi. Kimo kwenye droo ya chini ya kaunta, kimefungwa gazeti, na majani ya mwarobaini nimeyabadilisha wiki niliyoondoka. Zaituni, kisome, usikiuze.

Bi Mwantumu alifariki, Mungu amrehemu, mwaka wa pili baada ya siku ile ya chai. Nilikwenda mazikoni Tongoni. Niliingia kwa mlango wa nyuma pamoja na wanawake wengine, na ulilia. Rajabu alinishukuru kwa kufika. Ningeweza kumwambia. Nilimpa mkono wa pole, nikaketi na wengine.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi. Alisema ndicho kilichokuwapo, na aliondoka duniani akijua hivyo. Vilikuwapo viwili. Kile chake kilikuwa rafu ya pili, usawa wa kiwiko changu. Nisingehitaji hata ngazi.